Mambo 9 Utakayoyajua Ukipokea Simu za Wateja Ukiwa Kaaga

Wengi hudhani sauti inayokuuliza "Nikusaidie vipi?" lazima itoke kwenye ghorofa la vioo Nairobi. Siku nyingine inatoka Kaaga, hapa pembeni mwa mji wa Meru, kwenye chumba chenye meza, kompyuta na dirisha linalotazama migomba. Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, waajiri wengi wa vituo vya simu waligundua kwamba ejenti anaweza kuhudumia watu akiwa nyumbani, mradi intaneti na stima zipo. Mwajiri wangu simtaji. Kazi yenyewe naipenda, na nitaihesabu kuanzia 9 kushuka hadi 1, na hiyo 1 ndiyo iliyonifanya niandike.

9. Jogoo hajafunzwa kubonyeza myuti

Unamwambia mteja wa Mombasa, kwa sauti tulivu kabisa, "Naangalia akaunti yako sasa hivi," na jogoo wa jirani anathibitisha kwa niaba yako. Mteja akicheka, umeshinda nusu ya kazi. Mvua ya Novemba ndiyo haina utani. Ikianza kupiga mabati ya Kaaga, mteja hukusikia wewe kwa mbali na mawingu kwa karibu, na namba ya simu yenye tarakimu kumi inasomwa mara tatu.

8. Sauti yako inapita chini ya bahari

Kenya ilianza kupokea simu za wateja wa ng'ambo kabla haijapata nyaya za kuzibebea. Sauti ilipandishwa hadi setilaiti, kilomita 36,000 juu, kisha ikateremshwa upande wa pili. Mteja wa London alikuwa akiuliza, anasubiri, anadhani amekatiwa, anauliza tena, na majibu mawili yanagongana njiani. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa. Bila nyaya hizo za baharini, kijana wa Kaaga angebaki kutafuta kazi Nairobi tu.

7. Foleni ina hesabu zake, nazo hazina huruma

"Simu yako ni muhimu kwetu." Ni muhimu kweli, ila chukua kalamu tupige hesabu. Maejenti 10, kila simu dakika 5, simu 120 kwa saa. Hiyo ni kazi ya dakika 600, na maejenti 10 wana dakika 600. Inatosha? Haitoshi hata kidogo! Watu hawapigi simu kwa zamu. Wanapiga kumi kwa mpigo, kisha kimya, kisha arobaini. Dakika zilizopita katika ule ukimya haziwezi kuwekwa akiba, kwa hiyo foleni inakua na haimaliziki. Aliyefumbua jambo hili ni Mdenmaki Agner Krarup Erlang, mfanyakazi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, kwa maandiko yake ya 1909 na 1917, na hadi leo wapangaji wa zamu hutumia fomula zake. Kampuni inayoajiri maejenti wa kutosha kwa hesabu ya juu juu imeamua kwamba utasubiri. Oktoba, wakulima wa chai wa Githongo na Runyenjes wanapopokea bonasi na kila mtu anatuma, analipa na anatoa pesa kwa simu, Erlang huwa anaonekana wazi kabisa.

6. Simu ya Maua saa sita mchana haina salamu

Wenzangu wa Nairobi hawakuelewa kwa nini mtu wa Igembe, huko Maua kwenye miraa, anapiga akifoka kabla hata hujataja jina lako. Mimi nilielewa kwa kusikiliza nyuma ya sauti yake: injini ya Hilux inanguruma, mtu anaita "Twende! Twende!", na kuna kelele za majani ya migomba yanayofungiwa vibunda. Miraa iliyochumwa asubuhi inaanza kupoteza bei ikinyauka. Pesa ya mafuta imekwama kwenye simu, dereva haondoki bila mafuta, na ndege haimsubiri dereva. Mwambie mtu huyo "tafadhali subiri" na atakuuliza kama miraa nayo itasubiri.

Tena huyu ni mkulima aliyeona Uingereza ikifunga soko mwaka 2014, halafu Somalia ikafunga Machi 2020 na kufungua tena Julai 2022. Amebakiwa na milango michache, na safari moja ikiharibika inaumia nyumba nzima. Nilijifunza kutomwambia "tulia". Huwa namwambia, "Nimekuelewa, gari linaondoka saa ngapi?" Hapo hapo sauti inashuka, kwa sababu amejua anaongea na mtu anayejua gari ni nini.

5. "Mimi ndiye mtoto wake, niambie tu"

Hapana. Najua wewe ni mtoto wake. Najua mzee yuko shambani, macho hayaoni vizuri na simu ni wewe uliyemnunulia. Hata hivyo akaunti ni yake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 habari zake si za kugawa kwa mtu mwenye sauti nzuri. Mpelekee simu shambani. Mzee mwenyewe akija naye ana shughuli yake: ukimuuliza mwaka wa kuzaliwa anakupa historia ya kijiji, mvua zake na njaa zake, na mwaka ulio kwenye kitambulisho unakuja mwisho kabisa. Mwache aeleze. Ni mazungumzo matamu kuliko yote ya siku.

4. Hasira haina kabila

Wakenya husema Mmeru ana hasira. Mimi nimepokea simu za pwani, za ziwani, za mlimani na za jangwani, na natoa ushahidi wangu: pesa ikikwama, sote ni Wameru. Kumeza hasira za watu saa nane mfululizo ni kazi kamili. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu wahudumu wa ndege na kuonyesha kwamba tabasamu analolipiwa mtu humchosha kama mzigo wa mgongoni. Naongeza kwamba hata kwenye simu, ambako hakuna anayekuona, lazima utabasamu. Mteja anasikia.

3. Wezi nao wana "huduma kwa wateja"

Wana adabu kuliko sisi, na hawana foleni. "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." "Laini yako itafungwa leo, nitajie namba ya siri." Ejenti wa kweli hatakuuliza namba ya siri, hata kama mmesoma darasa moja. Safaricom hupigia wateja wake kutoka namba moja tu, 0722000000. Ikija namba nyingine inayojiita Safaricom, kata, kisha tuma namba hiyo kwa 333, ni bure. Na kabla ya kurudisha pesa "ya makosa", tazama salio lenyewe. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote, lakini salio huandikwa na mtambo.

2. Saa iliyo kwenye kona ya skrini

Kila ejenti anapimwa kwa wastani wa dakika za simu zake. Ukizidi, kiongozi wa timu anakuita. Sikubaliani na kipimo hiki kinapotumiwa kwa wote sawasawa. Mwanafunzi wa chuo anayeuliza kuhusu bando namhudumia kwa dakika moja. Shosho wa Kibirichia, anayehitaji kwanza aelezwe kitufe kiko wapi, anahitaji kumi, na kumi hizo ni haki yake kwa sababu analipa ada ileile. Nimewasikia maejenti wazuri wakiharakisha wazee ili kuokoa wastani wao, na mzee akapiga tena, na tena. Simu tatu za haraka zikala muda mrefu kuliko ile moja ya pole pole. Waajiri, hesabuni matatizo yaliyoisha.

1. Anayepiga kelele mara nyingi anaogopa

Mama mmoja alipiga akitetemeka. Alikuwa ametuma karo ya mtoto kwa namba isiyo yake, amekosea tarakimu moja, na shule zinafunguliwa kesho. Kiswahili chake kilikuwa kinakatika kwa hofu. Nikamsalimu kwa Kimeru, "Muga!" Kimya. Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, akanieleza yote kwa Kimeru, kwa mpangilio, bila kukosa kitu. Ombi la kurudisha pesa likaingia kabla mpokeaji hajazigusa.

Si wote wenye bahati hiyo. Pesa ikishatolewa, hairudi kwa kubonyeza kitu. Ikiangukia mtu mwenye deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, deni hulipwa kwanza lenyewe, hata kabla huyo mtu hajajua ana mgeni. Dakika za mwanzo ndizo zenye uzito.

Basi nisikilize, wewe unayesoma. Jina la mpokeaji huonekana kwenye skrini kabla pesa ya M-Pesa haijaondoka. Lisome, hata kama unamtumia kaka yako. Ukikosea, usimpigie kwanza jirani kumsimulia: peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo. Ukimpata ejenti, mwambie shida kwanza, matusi yatafuata kama bado yatahitajika. Na akikusaidia, ule ujumbe unaokuja baadaye ukiomba umpe alama, ujibu. Kampuni nyingi huzitumia alama hizo kuamua marupurupu ya ejenti.