Uso Uliohama Timu

Leo asubuhi konda wa daladala la Gongo la Mboto amenipokea mlangoni kwa sauti iliyofika mpaka siti ya nyuma: “Mpisheni Mwananchi apite! Huyu Yanga kajipaka mpaka usoni!” Gari zima likacheka. Dereva naye akarekebisha kioo anione vizuri. Mpira wenyewe siufuatilii. Ile njano, iliyoanzia kwenye malaika ya paji la uso ikashuka mpaka shingoni, ilikuwa matunzo ya ngozi. Tena matunzo ya polepole.

Polepole ndiyo habari ya mjini sasa. Mama aliyeniuzia kopo, kwenye duka moja la Masaki lenye kiyoyozi na mishumaa ya mchaichai, hakuniuliza kama nina chunusi au ukavu. Aliniuliza ni lini mara ya mwisho nimegusa uso wangu bila haraka. Nikakosa jibu, nikatoa pochi. Ndani ya kopo, alisema, mna manjano, mawaridi na liwa, urithi wa bibi zetu. Nipake usiku simu ikiwa imezimwa, nipumue kwa kina, niache mpaka ngozi yenyewe iseme imetosha. Kwa bei ile ningepata gunia la mkaa.

Ngozi yangu haikusema kitu. Nilipaka, nikazima simu, nikapumua kwa kina, na anayepumua kwa kina baada ya siku nzima ya kazi na foleni ya Barabara ya Nyerere anajulikana mwisho wake. Nililala fofofo. Nimeamka alfajiri uso umekauka, foronya imeharibika, na bomba linakohoa upepo mtupu, maana zamu ya mtaa wetu kwenye mgawo wa maji ilipita usiku, wakati naisikiliza ngozi. Simu, ambayo hufunguka kwa kuniona uso, ikakataa kunitambua.

Nilikuwa na nusu dumu. Nikachukua sabuni ya mche, nikasugua kwa hasira. Povu likatoka jekundu, nikadhani nimejichuna. Kutazama kioo, ile njano imegeuka wekundu wa tofali la kuchoma. Nimesajiliwa Simba bila hata kusaini.

Hapa niacheni niseme kwa kirefu, kwa sababu jambo hili limenikaa kichwani kutwa nzima, hata kwenye kikao nilichokwenda kuaibikia. Rangi ya manjano inatokana na kemikali iitwayo kurkumini. Maji hayaiwezi, huyeyuka kwenye mafuta na kwenye spiriti. Ndiyo maana unaosha vyombo vya mchuzi vikatakata, lakini mwiko wa plastiki ukabaki njano mpaka siku ya kutupwa. Halafu ina ugeugeu: kwenye asidi ni njano, kwenye alkali hugeuka nyekundu ya kahawia. Wanakemia hulowesha karatasi kwa manjano, wakaianika, wakaitumia kupimia alkali. Kipimo chao cha pH huanzia 0 hadi 14, na katikati ni 7. Uso wa binadamu uko karibu na 5, yaani una asidi kidogo, na asidi hiyo ni sehemu ya ulinzi wake. Sabuni ya mche, iliyotengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, hufika 9 au 10. Kwa hiyo uso wangu ulikuwa unafanya kazi ya maabara, tena ukitoa majibu sahihi kabisa.

Basi kama sabuni imeipeleka huku, ndimu lazima iirudishe. Nikakata ndimu. Ikarudi! Njano kamili, mbele ya macho yangu. Nikapaka sabuni tena kuhakikisha: nyekundu. Ndimu: njano. Yanga, Simba, Yanga, usajili ambao hata dirisha dogo halijapata kuuona, na maji ya dumu yakaishia uso ukiwa Jangwani, kwa Yanga. Rangi yenyewe ilikuwa imenasa kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, seli zilizokwisha kufa zamani. Seli huzaliwa chini, hupanda taratibu, na hupukutika baada ya takribani wiki nne, upumue kwa kina usipumue. Ngozi ni ya polepole kwa asili yake. Haikuhitaji kopo.

Kazini, bosi aliniamuru nitazame juu, akakagua weupe wa macho, maana ugonjwa wa ini hujionyesha machoni. Alipoukuta weupe, nikakosa hata ruhusa ya kurudi nyumbani. Aliyekaa jirani yangu alihamisha kiti hata hivyo.

  

Lakini kikaoni kicheko kiliniishia, kwa sababu nilianza kuwafikiria hao bibi zetu niliouziwa urithi wao. Singo ya Unguja, ile ya kumsinga bi harusi, hutwangwa kinuni: mrehani, mpompia, asumini, mlangilangi, mawaridi, na liwa juu yake. Bi harusi hatwangi wala hajipaki. Huwekwa ndani, somo wake akamsinga, mashangazi wakachota maji, wengine wako jikoni na moshi. Utulivu wa mtu mmoja ulitoka mikononi mwa wanawake chungu nzima waliokuwa na haraka. Mimi nimeuziwa kopo, mikono haikuwemo.

Wateja wenzangu wa Masaki wanayo mikono hiyo. Ni dada wa kazi, anayeamka saa tisa usiku kukinga maji ili mama mwenye nyumba apumue kwa kina. Na dada huyo akitaka kupendeza, hakuna anayemuuzia upolepole. Yeye huuziwa mkorogo, krimu ya kung'ara kwa wiki moja, yenye zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini na bado vinapatikana kwa kunong'ona. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kuumiza figo. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuuza nje na kuingiza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki kwa milioni. Duka la mishumaa halina habari hizi. Zingeharibu harufu.

Jioni nimekutana koridoni na jirani yangu, bibi wa Kipemba.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nani alokusinga hivyo?”

“Nimejisinga mwenyewe.”

Alishika ukuta kwa kucheka. Alipopata pumzi akaniingiza kwake, akanipaka mafuta ya nazi, akaniacha kidogo, akanifuta kwa kipande cha kanga kuukuu, na njano ikatoka na mafuta. Kitakachobaki, alisema, jua litakimaliza, kwani hata nguo iliyotiwa manjano haidumu kambani. Kisha akataka kuliona kopo. Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

“Liwa iko wapi humu? Hii bizari tupu, na harufu ya waridi la chupani.” Akaonja tena. “Lakini bizari yake nzuri.”

Amelichukua. Kesho anapika mchuzi wa changu, na mimi nimeambiwa nije na wali.