Tangi Lilipofurika Juu ya Kabati la Vitabu

Boya la tangi lilikwama usiku, maji ya mgao yanakuja kwa nguvu na nyumba nzima imelala. Yakafurika darini, yakatafuta tundu la taa, yakashukia kwenye kabati la vitabu sebuleni. Mama mkwe, aliyeamka kwa swala ya alfajiri, ndiye aliyekanyaga dimbwi. Ukelele wake ulituinua sote.

"Zimeni umeme kwanza!" shemeji alipaza sauti, akakimbilia swichi kuu. Baada ya hapo kila mtu alishika anachokipenda. Mume wangu alikumbatia *How Europe Underdeveloped Africa* ya Walter Rodney. Kijana wetu alivuta boksi la magazeti ya katuni alilorithi kwa marehemu babu yake. Mama mkwe alidai kanda zake za filamu za Kihindi. Mimi nilikwenda kwenye rafu ya riwaya.

Karatasi iliyolowa haina subira. Katika joto letu, ndani ya siku mbili ukungu huwa umeshaanza. Jua kali nalo hukunja kurasa, kwa hiyo vitabu hukaushwa kivulini, penye upepo wa feni, na karatasi nyeupe kavu hupachikwa kati ya kurasa na kubadilishwa kila zinapolowa. Karatasi za kung'aa zikikauka zimeshikana, hazibanduki tena. Kisichopata nafasi hufungwa kwenye mfuko wa plastiki na kutiwa kwenye friza, maana baridi huuzuia ukungu mpaka zamu yake ifike. Basi vibua vya mama mkwe vilitolewa kwenye friza, vikaliwa asubuhi, mchana na jioni, na majirani nao wakapelekewa sahani. Meza ya kulia ilibaki moja, vitabu ni vingi. Ilibidi tuamue kipi kinatangulia, na hapo ndipo tulipoanza kubishana.

Mume wangu alisimama na Rodney wake. Kitabu hicho kilitolewa London na Dar es Salaam mwaka 1972, mwandishi akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anakipenda kwa sababu kinamfundisha msomaji kuuliza nani alinufaika: reli ilielekea wapi, pamba ilipata bei gani, faida ilibaki kwa nani. Namuunga mkono, ila huwa nakisoma sambamba na maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake mwaka 1905. Tajiri yule anataja pembe zake za ndovu kwa frasila na vita vyake kwa ufasaha, bila kuona haya. Rodney anaonyesha mfumo wenyewe. Tippu Tip anatusikilizisha sauti ya mtu aliyestawi ndani yake. Waliozibeba zile pembe hawasemi hata neno, na ukimya huo ndio unaonikera kuliko yote.

Kwenye riwaya nilikuwa na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, na *Walenisi* ya Katama Mkangi ya mwaka 1995. Wasomaji wengi hudhani hadithi za kubuni dunia nyingine tumezipokea kutoka ng'ambo. Shaaban Robert aliijenga nchi inayoning'inia angani, akamsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Mkangi alimtia Dzombo kwenye chombo cha angani kiwe adhabu yake ya kifo, naye akakiongoza hadi kwenye jamii yenye usawa. Waandishi wote wawili walipaa ili waione vizuri ardhi waliyoiacha. Kwangu *Walenisi* ina ujasiri zaidi, kwa sababu inathubutu kuonyesha jinsi haki inavyoendeshwa siku hadi siku. *Kusadikika* inaishinda kwa lugha.

"Mama," kijana alisema, "*Kusadikika* inauzwa madukani. Kesho naweza kukununulia nyingine. Hizi nitazipata wapi?" Akafunua magazeti yake ya katuni, *Sani* za miaka ya themanini, karatasi yake laini imegeuka uji pembeni. Ndani yake walikuwamo Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi, na nguo zao, salamu zao, ulaghai wao na njaa yao. Mwanahistoria akitaka kujua watu wa mjini walicheka nini wakati maisha yamebana, ataanzia hapo. Magazeti hayo yalifungiwa maandazi, yakawashiwa moto, na ni wachache waliofikiria kuyahifadhi.

Hoja hiyo ilituzima. Nikaitia *Kusadikika* kwenye mfuko, ikaenda friza bila kinyongo.

Mama mkwe aliziangalia kanda zake, akazisukuma kando. "*Mother India* haifi kwa kanda moja," alisema. Akaisimulia yote huku anapachika karatasi kati ya kurasa za katuni: Nargis akiwa Radha, deni la mkopeshaji, mafuriko, na mwisho mama anampiga risasi mwanawe Birju ili kulinda heshima ya binti wa kijiji. Filamu hiyo ni ya mwaka 1957. Shemeji aliuona mwisho huo kuwa ukatili. Mama mkwe alimjibu kwamba kijiji kisichoweza kumzuia mtoto wa nyumbani hakiwezi kumzuia mwizi. Nami nasimama naye.

Ikabaki zamu ya Rodney. Kwa kanuni ya kijana wetu, kitabu kinachouzwa hadi leo kilistahili friza. Mume wangu hakusema kitu, alifungua tu. Pembezoni mwa kurasa palikuwa na maandishi ya penseli ya marehemu baba yake: bei za mkonge, maswali, sehemu moja "si kweli" imepigiwa mstari mara mbili. Wino ungeyeyuka, penseli ilikuwa imestahimili. Nakala hiyo nayo ni moja tu duniani, ikapewa nafasi mezani kando ya *Sani*.

Tangu hapo boya limebadilishwa na kabati limehamishwa ukuta mwingine. Nyumba yenye vitabu haina budi kuamua mapema, maji yakiwa bado kwenye bomba: kinachoweza kununuliwa tena kingoje, gazeti la katuni na kitabu chenye mwandiko wa mzee vitangulie, hata kama majalada yake hayana hadhi.