Kuwa Mbahili, Uokoe Mazingira

Mwongozo kwa mteja ambaye wauzaji wakimwona huvuta pumzi

Siku hizi dukani kila kitu ni "rafiki wa mazingira": mfuko, taa, jiko, hata sabuni. Urafiki huo una bei, na anayeulipia ni wewe. Mwongozo huu ni wa yule mteja anayeigeuza bidhaa mara tatu, akauliza bei, akaguna, kisha akaomba kalamu na karatasi. Asione haya. Mazingira hayana rafiki mkubwa kuliko mtu asiyenunua asichokihitaji.

1. Fungua kabati kabla ya kufungua pochi

Huko ndani pengine kuna mifuko minne ya pamba uliyopewa kwenye semina na harusi. Mwaka 2018 Wakala wa Mazingira wa Denmark ulichapisha uchunguzi wa mifuko ya kubebea bidhaa. Kwa upande wa joto la dunia peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida sharti utumike mara 52 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki wa dukani. Wa pamba iliyolimwa bila kemikali, mara 149. Kwa anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, wa kwanza ni nusu mwaka, wa pili ni karibu mwaka na nusu. Basi toa mmoja, uutumie mpaka uchakae. Wa tano usinunue.

Hesabu hiyo ya Denmark haikuingiza mifuko inayotupwa ovyo, na kwetu hapo ndipo penye msiba: plastiki nyepesi huziba mitaro, na masika yakija maji huingia vyumbani. Ndiyo maana Tanzania ilifanya vyema kuipiga marufuku kuanzia Juni 1, 2019. Mbahili wa kweli huhesabu na hasara ya jirani.

2. Vuta mpini

Mifuko mingi iliyokuja baada ya marufuku inafanana na kitambaa, lakini ni polipropilini, nayo ni plastiki. Si kosa, mradi idumu. Shika mpini, uvute, utazame pale ulipoungana na mfuko. Ukiona umegandishwa kwa joto tu bila uzi, na nyuzinyuzi zinanyanyuka ukisugua kwa kidole gumba, mfuko huo hautamaliza mwezi kwa viazi na nazi. Kikapu cha ukili ni ghali siku ya kwanza tu.

3. Piga hesabu ya taa kwa mwezi

Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, hula 1.35. Kwa mteja wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, anayelipa karibu shilingi 356 kwa uniti, tofauti ni zaidi ya shilingi 2,700 kila mwezi. Taa ya shilingi 3,000 itajilipa kabla mwezi wa pili haujaisha. Hapa usigune, lipa. Ila anza na inayowaka muda mrefu. Ile ya stoo iache mpaka iungue.

4. Pika maharage ukiitazama LUKU

Watu huliogopa jiko la presha la umeme kwa kuwa limeandikwa wati 1,000. Hata likivuta zote saa nzima, ni uniti moja. Na likishapata presha halivuti mfululizo. Azima la jirani, zima vifaa vingine vyote, andika uniti zilizopo, pika nusu kilo ya maharage, kisha soma tena. Siku nyingine pima mkaa kwa sufuria hiyo hiyo, kwa bei ya kopo la mtaani kwako. Jibu utakalopata linashinda tangazo lolote. Chunga jambo moja: mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi ana bei nafuu; ukivuka, hesabu inabadilika.

5. Hesabu na mazishi ya bidhaa

Sola ni nzuri, lakini betri yake itakufa. Muulize muuzaji ataipokea nani. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipata jibu baya la swali hilo: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, wakubwa kwa watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwanga wa nyumba moja usiwe sumu ya nyingine.

6. Usimcheke anayenunua mkaa wa kopo

Anajua kuwa kopo kwa kopo gunia linamgharimu zaidi, na anajua jiko banifu lingempunguzia mkaa. Asichokuwa nacho ni fedha yote kwa siku moja. Kama una kikoba, pendekeza mzunguko mmoja uwe wa majiko. Kama unauza, pokea kidogo kidogo, na jumla ya malipo yote iandike panapoonekana, pamoja na kiasi cha kulipwa kila siku. Kama unatunga sera, shusha bei ya jiko kabla ya kupiga mkaa marufuku. Haifai bidhaa safi ziwe za wenye akiba peke yao, ilhali wanaovuta moshi mwingi zaidi jikoni ni wale wasio nayo.