Sifa za Matope ya Tororo

Lugha yetu imeyaonea matope. Wanasiasa wakitukanana jukwaani tunasema wanapakana matope, ilhali kinachotoka midomoni mwao hakijawahi kuotesha hata sukumawiki. Mtu akiponzwa na marafiki tunasema wamemwingiza matopeni. Mimi niliingizwa matopeni na marafiki hasa, bila mafumbo, Jumamosi moja ya Agosti kwenye mlima wa Tororo, na nimerudi nikiwa wakili wa matope. Wakili asiyelipwa, na suruali yangu ndiyo kielelezo.

Tulitoka Busia ya Kenya asubuhi, watu wanne: mwalimu, shemeji yangu, dada mmoja anayeuza mitumba, na mimi. Baridi yetu ni hii ya Julai na Agosti, ya kuvaa sweta alfajiri na kulifunga kiunoni saa nne, na mvua haina ratiba. Dada alikuwa amevaa raba nyeupe za kamera, yaani zile zinazochomolewa robota likifunguliwa tu, kabla mikono ya soko haijazifikia. Mpakani tulionyesha vitambulisho, afisa akauliza tunakwenda wapi. "Kupanda mlima," mwalimu akajibu. Afisa akazitazama zile raba kitambo, akatutakia safari njema.

Ng'ambo, matatu ya viti 14 inabadilika jina na kuwa taksi. Tuliondoka Busia ya Uganda jua likiwaka, tukanyeshewa njiani, tukashuka Tororo jua likiwaka tena na lami ikifuka mvuke. Kwa mji ule hilo ni jambo la kila siku. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuandika kwamba kati ya 1967 na 1976 Tororo ilipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Unyevu unatoka Ziwa Viktoria, joto la mchana linausukuma juu, na ikifika alasiri mbingu zinaanza kuburuta mabati. Maji yote hayo lazima yapate pa kwenda, na matope ndiyo yanayoyapokea bila kununa.

Sasa, kila mgeni husifu mwamba wa Tororo, huo huo tuliokwenda kuupanda. Anaupiga picha akiwa barabarani, anauona kutoka mbali kabla hajauona mji, hata hoteli inajiita kwa jina lake. Lakini mwamba huo ni nini? Ni kizibo. Zamani sana palikuwa na volkano; uji wake wa moto ukagandia kooni, kisha mvua zikaumomonyoa mlima uliolizunguka hilo koo hadi likabaki peke yake, kilele chake mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Na mlima wenyewe ulikwenda wapi? Ulishuka bondeni ukawa udongo, na mvua ikinyesha, matope. Kwa hiyo anayeusifu mwamba huku akiyasonya matope amelisalimia koo akampita mwenye koo.

Tena Tororo imekuwa ikichoma saruji tangu miaka ya 1950. Mji unakula kwa kumtengeneza adui wa matope, malori yanamsafirisha kila upande, na bado hatua chache kutoka kwenye lami unazama hadi kifundoni. Huyo adui amepewa zaidi ya miaka 60 na hajashinda.

Kijana aliyetuongoza alikuwa amevaa mfuko mtupu wa saruji kichwani, pembe moja imesukumwa ndani ya nyingine ukawa kofia inayofunika hadi mgongoni. Ndala zake alizishika mkononi. Miguu mitupu ilikuwa inashika ardhi kwa vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu pesa gizani. Nyuma yake tulifuata sisi wenye viatu.

Mwalimu ndiye aliyeanza kuwaza kwa sauti. "Wahenga walisema kuteleza si kuanguka," akatuambia, akainua kidole kama afanyavyo darasani, na kabla kidole hakijashuka alikuwa amekaa. Nadhani yule mhenga hakuwahi kufika Tororo. Tangu hapo mwalimu alipanda kwa miguu minne, na kwa muda wa saa nzima hakumsahihisha mtu sarufi. Ni chuo gani kingine kingeweza hilo?

Ila fadhila kubwa zaidi nilitendewa mimi. Kati yangu na shemeji kuna suala la ng'ombe mmoja wa mahari. Wazee wamelikalia mara tatu, chai imenywewa, limeahirishwa mara tatu. Penye mteremko mkali mguu wangu wa kushoto uliondoka bila kuniaga. Shemeji akanidaka mkono. Akanishikilia hivyo hivyo, mimi nikining'inia juu ya korongo lenye miiba, akaniuliza kwa upole mkubwa: "Shemeji, na yule ng'ombe?" Nikataja mwezi. Akanivuta. Shauri lililowashinda wazee lilimalizwa na tope la kina cha kiganja.

Halafu kuna suala la uhai wetu. Sehemu za juu za mwamba ule zina ngazi za chuma. Kwa kasi ya watu wenye akili tungekuwa juu ya ngazi hizo saa saba na nusu. Matope yalituchelewesha, dada alikuwa bado anakichokoa kiatu kimoja kwa kijiti pale ngurumo ya kwanza ilipopiga, upande wa Mlima Elgon ukawa mweusi, na kijana akageuka. "Wazee, leo basi," alisema. "Chuma na radi ni ndugu." Hatukukiona kilele. Hatukuiona Kenya kutoka juu, wala minara ya simu iliyoko kileleni, na tuko hai. Kuna serikali zilizowajengea watu sanamu kwa kazi ndogo kuliko hiyo.

Jioni tulirudi mpakani. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi mwaka 2018, unashughulikiwa upande mmoja tu, ule unaoingia. Tukatoa vitambulisho tena. Matope hayakutoa chochote. Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lenye kuahidi watu na bidhaa kupita kwa uhuru, lilianza Julai 2010. Sisi bado tunapanga foleni, na matope yanavuka kwa kilo, chini ya soli, pande zote mbili, bila ushuru. Ukitafuta mwananchi halisi wa jumuiya hii, inama utazame kiatu chako. Na hayavuki bila kuacha riziki: kijana anayeosha viatu karibu na stendi alipata jozi nne kwa mpigo, akalipwa shilingi za nchi mbili.

Raba za dada zilioshwa mara tatu, zikabaki rangi ya chai ya maziwa. Alizirudisha sokoni na kuziuza akisema ndivyo zilivyotoka kiwandani.

Ng'ombe atapelekwa Desemba, barabara ikiwa haina matope.