Bibi Harusi Hayumo Pichani

Baba mkwe wangu ana hoja moja ambayo huitoa barazani kila mtu anapothubutu kuniita mgeni. Mwaka 1895, husema, Sayyid Hamed bin Thuwain wa Unguja aliwakodisha Waingereza ukanda huu wa pwani, maili kumi kutoka baharini kwenda bara, kwa pauni 11,000 kwa mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka Desemba 1963. "Basi huyu si mgeni," humalizia, akininyoshea kikombe cha kahawa. "Huyu ni mwenye nyumba. Sisi ndio wapangaji, na kodi tumeacha kulipa zamani." Hapo jirani yetu, wakili mstaafu asiyeweza kuona mzaha ukipita bila kuuwekea pingamizi, hukumbusha kwamba Oktoba 1963 Sultani Jamshid bin Abdullah aliridhia ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Kwa hiyo mwenye nyumba, kama alikuwapo, nyumba alikwisha kuitoa.

Bahati mbaya fomu ya ukaazi wa kudumu haina mahali pa kuandikia habari za bendera. Ina mahali pa uraia, nikaandika Tanzania. Mahali pa kuzaliwa, nikaandika Unguja. Na mahali pa sababu ya kuomba, nikaandika kwamba nimemwoa Mkenya na ninaishi naye kwa wazazi wake, Kizingo, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka ngome ile ile.

Watu huniuliza kwa nini sikuomba uraia kabisa nikapumzika. Katiba ya 2010, katika ibara ya 15, inamruhusu mtu aliyekaa katika ndoa na Mkenya miaka saba aombe kuandikishwa kuwa raia. Lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na mimi kule nina minazi ya urithi, pamoja na ndugu ambao wangeigawana kabla wino haujakauka. Ukaazi wa kudumu ndio ulionifaa: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaufungua mlango huo kwa mume au mke wa Mkenya ndoa ikishatimiza miaka mitatu.

Nasema mume au mke, na hilo si dogo. Katiba iliyotangulia ilimtambua mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya, akaweza kuomba uraia. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya haikumpa njia hiyo. Mke wangu alipotusomea habari hizo mezani, mama mkwe aliacha kumenya vitunguu thomu akasema watunga sheria wale hawakuwa wajinga, maana mume huja bila dhamana. Halafu akanitazama. Miaka mitatu ya sheria, kwake, ilikuwa haraka mno.

Jambo la kwanza lilikuwa kuonyesha ninakoishi. Umeme wa nyumba yetu ni wa tokeni, hauna bili. Bili ya maji ipo, nayo huja kwa jina la babu yake mke wangu, aliyefariki kabla hatujaoana na ambaye, ukifuata karatasi, ndiye peke yake anayeishi katika nyumba ile. Mkataba wa kupanga sina, kwa kuwa mama mkwe hanitozi kodi ya fedha. Hunitoza kwa kunituma sokoni Marikiti saa sita jua likiwa utosini. Mke wangu akapendekeza tuandikiane mkataba. Mama akakataa, akasema hapangishi watoto wake. Baba akakubali, ila kwa sharti kwamba katika mkataba huo yeye awe mpangaji.

Kisha likaja suala la jina. Pasipoti yangu inalianza jina langu kwa kh, cheti cha kuzaliwa kwa h, na cheti cha ndoa, ambacho karani alikiandika huku akiitikia salamu za watu wote waliokuwa wakitoka msikitini, kinalianza kwa a. Ikanibidi niape mbele ya wakili kwamba watu hao watatu ni mmoja, na kwamba mmoja huyo ana mke mmoja. Wakili akaniuliza mara mbili kuhusu hilo la mwisho. Mke wangu alikuwa amekaa kando, akataka aniulize mara ya tatu.

Barazani ushauri haukukatika. Mwaka 2023 Serikali iliwatambua Wapemba wa pwani ya Kenya, wengi wao wavuvi wa Kwale na Kilifi, kuwa moja ya jamii za nchi hii, baada ya vizazi vya kuishi bila vitambulisho. "Si useme tu u Mpemba," akaniambia muuza kahawa, kana kwamba amenitoa kisimani. Nikamweleza kwamba haki ile ilipiganiwa na watu waliozaliwa hapa na baba zao wakazaliwa hapa, na kwamba haingekuwa uungwana kwa mtu aliyeshuka na ndege juzi kujipenyeza katika foleni yao. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema mbele za watu. Sababu ya moyoni ni kwamba Mpemba yeyote angenigundua kabla sijamaliza salamu, na ukoo wangu wa Malindi, Mji Mkongwe, ungenisusia hata mazishi. Mwingine akanipa nambari ya kijana fulani anayejua watu. Mke wangu aliikuta mfukoni mwa kanzu akaichana.

Tukapeleka faili. Ofisi yenyewe siitaji, maana bado nina shida nayo. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa bara, mpole, shati limenyooka. Akatutazama sote wawili: mimi na suruali yangu ya kitambaa na mkoba wa karatasi, mke wangu na buibui lake. Akamnyoshea mkono mke wangu.

"Mama, pasipoti yako?"

Mke wangu, ambaye wazee wake walikuwa Kibokoni kabla reli haijawekwa, alitoa kitambulisho. Afisa akakigeuza mbele na nyuma, akakirudisha, akanigeukia mimi. "Na wewe ndio mwenyeji?"

Nilicheka kidogo, nikakanyagwa mguu chini ya meza. Watu wa Pwani waliokulia zama za kutakiwa kuleta cheti cha babu ndipo wapewe kitambulisho hawaoni kichekesho katika swali hilo, na baada ya kukaa nao sasa naelewa. Siku hiyo nilielewa kwa kidole gumba.

Afisa akaomba radhi, tena kwa dhati, akaendelea na faili. Yote yalikwenda sawa mpaka alipofika kwenye picha za harusi. Zilikuwa nzuri, zimepigwa msikitini baada ya sala ya isha, mwanga mzuri, kanzu zimepigwa pasi. Akaiinua ya kwanza.

"Huyu ni wewe?"

"Ndiyo."

"Na huyu mzee mmeshikana mikono?"

"Baba mkwe."

"Na hii ingine?"

"Baba mkwe tena. Hapo ndipo nilipokubali."

"Ulikubali nini?"

"Kuoa."

"Kuoa nani?"

"Binti yake."

"Sasa binti ako wapi?"

"Alikuwa nyumbani."

Akaiweka picha chini taratibu. "Siku ya harusi yake?"

Jaribu kumweleza mtu hili akiwa na muhuri mkononi. Nikamwambia kwamba kwetu nikahi hufungwa baina ya bwana harusi na walii wa bibi harusi, mbele ya mashahidi. Kwamba idhini ya bibi harusi huchukuliwa mapema. Na kwamba kile anachokiona, wanaume wawili wenye ndevu wakipeana mikono kwa macho ya mapenzi, ndicho kiini cha shughuli. Akauliza kama hakuna sherehe yenye wanawake. Ipo, nikamwambia, kubwa kuliko hii mara kumi, lakini mimi sikualikwa.

Hapo mke wangu akaingilia. Picha za ukumbini zipo, akasema, zimo kabatini kwa mama, na ufunguo mama hulala nao. Siku ile simu zote zilikusanywa mlangoni na shangazi mmoja ambaye Bandari ya Kilindini ingemwajiri alinde makontena, na mpiga picha alikuwa mwanamke. Nywele wazi, mikono wazi, hina mpaka mabegani. Hazionwi na mwanamume.

"Hata Serikali?" akauliza afisa.

"Serikali haina wanawake?"

Walikuwapo. Tuliporudi safari nyingine na albamu, imefungwa kwa mtandio na kufungwa tena kwa kanga, aliitwa afisa wa kike kutoka chumba cha ndani. Yeye na mke wangu wakajibanza pembeni, wakatugeuzia migongo. Walikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Tukasikia "Wacha!" na "Hii gauni ilishonwa wapi?" na vicheko. Mwisho akaja akatoa taarifa rasmi kwa mwenzake: harusi ipo, tena ya nguvu, ila bwana harusi hamuoni.

Afisa wetu akashika kichwa. Sasa alikuwa na harusi mbili, moja ya wanaume watupu na nyingine ya wanawake watupu, na hakuna hata karatasi moja iliyoonyesha kwamba zilikuwa na uhusiano. Nakiri kwamba nilianza kumhurumia. Akatuomba tulete picha yoyote, ya siku yoyote, tuko pamoja.

Hatukuwa nayo. Mke wangu ni mtu wa kupiga picha vyakula na paka. Basi Jumapili jioni tukaenda ufukweni Mama Ngina, karibu na Lighthouse, tupigwe picha kama mume na mke. Shemeji yangu akawa mpiga picha, naye alikuja na mfuko wenye kanzu tatu na kofia nne, ili, alivyosema, tuonekane wa miaka mbalimbali. Mke wangu akamuuliza kama anataka aende motoni kwa ajili ya kofia, mfuko ukarudi garini. Mama mkwe alikuwa amekuja pia, kwa kuwa haiwezekani bintiye asimame kando ya bahari akipigwa picha na mwanamume bila mtu mzima kuwapo, hata kama mwanamume huyo hula kwake kila siku.

Watu wakadhani ni maharusi. Muuza kachri akatupa pakiti ya bure na kutuombea kizazi chema. Msichana asiyetujua akatoka kwenye gari kuja kuitengeneza mitandio ya mke wangu. Meli ya makontena ikaingia mlango wa Kilindini, umati wote ukageuka kuitazama, nasi tukageuka, na hiyo ndiyo picha ambayo shemeji aliipenda zaidi, ya visogo vyetu. Katika nyingine zote mama mkwe amesimama katikati. Hakukusudia. Kila shemeji alipohesabu mpaka tatu, alisogea kuniambia nisimame sawa.

Tulizipeleka hivyo hivyo. Safari hii tuliulizwa maswali kila mtu chumba chake. Sitayaeleza yote, mengine ni ya ndani ya nyumba. Mmoja wetu aliulizwa nani hushika rimoti ya televisheni, mwingine akaulizwa hilo hilo, na sote wawili, bila kupanga, tukajibu: "Mama." Nani huamua chakula cha usiku? Mama. Mkigombana nani husuluhisha? Mke wangu alijibu Mama. Mimi nilijibu kwamba Mama ndiye huwa tunamgombania.

Afisa alitoka akiwa amelegea uso. Akaitazama tena picha ya Mama Ngina, akaweka kidole juu ya mama mkwe katikati, akatikisa kichwa. "Hii naamini," akasema, akaibana kwenye faili. Kisha akairudia ile ya msikitini. Nilidhani ataitupa. Akaigeuza, akachukua kalamu, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, kwa faida ya yeyote atakayelifungua faili baada yake: MWOMBAJI KUSHOTO. KULIA NI BABA MKWE, SI MKE.

Akaipiga muhuri.