Kashata ya Hasara

Kijiwe chetu kipo Ngamiani, Tanga, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba na zimepishana kama mistari ya daftari la hesabu. Mwenye kijiwe ni Babu Kashata. Kikombe cha kahawa shilingi 100, kashata 100, maneno bure. Madeni anayaandika ukutani kwa mkaa, kikombe kimoja mstari mmoja, bila jina. Mstari upi wa nani anajua mwenyewe, na mvua ikinyesha hata yeye hajui tena. (Wako kati yetu wanaoziombea sana mvua za vuli.)

Jumamosi Sele Boda alipiga breki mbele yetu hadi vumbi likaingia kwenye vikombe.

SELE BODA: Jamani, mimi nimempeleka Zuwena shule akasome au akalime? Darasa la tatu yule! Jana karudi na mafungu mawili ya mchicha na daftari la mauzo. Mauzo! Mtoto ambaye kamba za viatu namfunga mimi!

BI MAANDAZI: Na huo mchicha hukuula?

SELE BODA: Nimeula. Lakini kwa uchungu.

DALALI MBWEMBWE: Sele, hiyo ni michango imevaa baibui. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, mchango hauji tena kwa jina lake. Leo utaitwa mtihani wa majaribio, kesho uji, keshokutwa mchicha.

SELE BODA: Wanauita mradi wa darasa. Wana matuta manne nyuma ya vyoo, na kila Ijumaa wanauza getini. Nikasema, hawa si ndio hata kusoma hawajui vizuri? Wangeanza na KKK kwanza, wakishajua kusoma, kuandika na kuhesabu, ndipo wafanye biashara.

Mwalimu Chaki akasogeza kikombe. Amestaafu siku nyingi, lakini mfuko wa shati bado una vumbi jeupe.

MWALIMU CHAKI: Hayo si mapya. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi, kuku, hadi mzinga wa nyuki.

DALALI MBWEMBWE: Na mahindi aliyala nani?

Mwalimu akakohoa. Kikohozi kile tunakijua, ni cha mtu aliyewahi kula mahindi ya shule.

MWALIMU CHAKI: Haya, nitasema kweli, pensheni yangu hainyang'anywi kwa hilo. Lile andiko lilitaka wanafunzi washiriki kupanga, hesabu zitunzwe sawasawa, na matunda ya jasho lao wayaone. Sisi tukachukua jembe tukaacha hesabu. Jembe akapewa mtoto, kalamu nikabaki nayo mimi. Magunia yametoka mangapi, yameuzwa kwa bei gani, alijua mwalimu mkuu na mnunuzi. Ndiyo maana watu wa rika lile ukiwatajia shamba la shule wanashika kiuno.

BI MAANDAZI: Basi hawa wa Zuwena ni tofauti, mimi mteja wao. Siku ya kwanza waliweka kibao kikubwa, MCHIHA. Nikawauliza, wanangu, hii mboga inatoka nchi gani? Wakacheka, wakaona haya, kibao kikaingizwa ndani. Jumatatu napita nje ya ukuta, darasa zima linaimba cha, che, chi, cho, chu. Kumbe mteja akicheka, hata herufi zinanyooka.

Kijana tunayemwita Msomi alikuwa kimya, anachezea simu. Shahada anayo, ajira bado wanatafutana.

MSOMI: Kuna utafiti wa mwaka 1985, wa Terezinha Carraher na wenzake wawili, kule Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wa miaka 9 hadi 15, wakajifanya wateja. Kuna mmoja wa miaka 12 alikuwa anauza nazi...

BABU KASHATA: Nazi? Brazil?

MSOMI: Nazi hizi hizi, Babu. Moja cruzeiro 35. Wakamwambia wanataka kumi. Mtoto akahesabu: tatu ni 105, tatu nyingine 210, bado nne... akafika 315, akamalizia 350.

MWALIMU CHAKI: Safari yote hiyo ya nini? Angeongeza sifuri tu mbele ya 35!

BI MAANDAZI: Mwalimu, sokoni nani anauza sifuri? Watu hununua tatu tatu, naye kazoea tatu tatu.

MSOMI: Sasa sikilizeni. Sokoni, katika kila maswali 100, walipata 98. Baadaye wakapewa hesabu za namna ileile kama za darasani, kalamu na karatasi. Zile zilizokuwa na hadithi ndani, za duka na bei, wakapata kama 74. Zile tupu, 35 mara 10 bila nazi, wakapata 37.

SELE BODA: Vichwa vilevile?

MSOMI: Vilevile. Na mwaka 2025 kina Abhijit Banerjee na Esther Duflo wametoa utafiti mkubwa zaidi, watoto wa masoko ya Kolkata na Delhi. Mambo ni yaleyale. Wa sokoni anakwama darasani. Na wa darasani asiyefanya biashara, ukimpeleka sokoni, naye anakwama.

DALALI MBWEMBWE: Basi wafunge shule, wafunge na soko.

MWALIMU CHAKI: Wewe Dalali, kazi yako si kuvusha nyumba kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mpangaji? Na hesabu ya kichwani haivuki peke yake kwenda daftarini. Inataka dalali wake.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Dalali Mbwembwe akisifiwa na mtu ambaye hajamlipa. Alikosa la kusema. Hapo hapo akatokea Zuwena, ndoo ya mchicha kichwani, daftari kwapani.

ZUWENA: Shikamooni.

WOTE: Marahaba!

Dalali akapata sauti tena.

DALALI MBWEMBWE: Mafungu manne, mwanangu. Fungu 150, nakupa elfu moja hii, unirudishie 400.

ZUWENA: Fungu ni 200, baba. Manne ni 800, chenji yako 200. Ukitaka ya 150 uje jioni, yakishanyauka.

Tukacheka mpaka Sele akasahau kuwa alikuja amefura. Zuwena akakaa kwenye benchi, akaandika kwanza, ndipo akatoa mchicha. Nilichungulia. Tarehe, mteja, mafungu, fedha, deni. Mwandiko umelala kidogo, lakini kila safu ina jumla yake chini.

MWALIMU CHAKI: Hili daftari linakaa na nani?

ZUWENA: Tunapokezana, kila wiki mmoja. Mwalimu anakagua Jumatatu, halafu zile hesabu anaziweka ubaoni, tunafanya wote. Tuta la kwanza lilikufa, tulizifukia mbegu chini sana. Mwalimu akatuuliza, pakiti imeandikwaje? Tukaisoma. Ilikuwa imeandikwa.

MWALIMU CHAKI: Alikuwa anajua, akanyamaza?

ZUWENA: Alisema alitaka tukose kwanza.

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Miaka yote ya ualimu wake nadhani hakuwahi kunyamaza namna hiyo mbele ya darasa. Kisha akamgeukia Sele.

MWALIMU CHAKI: Huyu mwache. Ila siku akirudi ana matope mikononi na vidole havina wino, nijie nyumbani, twende wote shuleni tukagombane.

BABU KASHATA: Mjukuu, na mimi nipigie hesabu. Kila sinia la kashata napata faida 500, lakini mfukoni siioni.

ZUWENA: Sinia moja kashata ngapi, Babu?

BABU KASHATA: Themanini. Karanga kilo moja 4,500, sukari kilo moja 3,000.

ZUWENA: 7,500. Ukiuza zote 8,000. Na mkaa?

BABU KASHATA: Mkaa nauchota kwenye gunia la nyumbani.

ZUWENA: Gunia ulipewa bure?

Kimya.

BABU KASHATA: ...Weka elfu moja.

ZUWENA: Na ninasikia harufu ya iliki.

BABU KASHATA: Mia tatu.

Zuwena akachora mstari, akajumlisha kwa sauti, akarudia kutoka chini kwenda juu kama alivyofundishwa.

ZUWENA: 8,800. Kila sinia hasara 800. Kashata moja inakugharimu 110, Babu. Kila mtu akila moja, unamwongezea shilingi kumi.

Babu aliliangalia sinia kama mtu aliyemfuma mkwe akitoka na kuku wake. Miaka yote ile tulikuwa tunalipwa kula.

BABU KASHATA: Kuanzia sasa hivi kashata 150!

DALALI MBWEMBWE: Sele, rudisha huyu mtoto darasani, haraka!

Lakini Babu alishasimama. Akaokota kipande cha mkaa jikoni, akampa Zuwena, akamwonyesha ukuta.

BABU KASHATA: Mjukuu, mimi jina langu naliandika, ya watu yananishinda. Nitakutajia, wewe andika mbele ya kila mstari.

Bi Maandazi akakumbuka ngano zake zimeumuka. Msomi akapata simu ambayo haikulia. Mimi nikaanza kutafuta viatu nilivyokuwa nimevaa. Sele Boda alikuwa wa kwanza kufika kwenye pikipiki, akapiga kiki mara moja, mara mbili, mara tatu, mashine ikakohoa kama Mwalimu Chaki.

ZUWENA: Babu, hii mistari kumi na saba mirefu ni ya nani?

Babu akainua kidole, akakielekeza kwenye pikipiki.

ZUWENA: Aah. Hilo jina nalijua kuliandika.