Mto Nore Mjini Kilkenny: Nane Bora, Tukianzia Mkiani

Nore unachimbuka mlima Devil's Bit huko Tipperary, unasafiri kilomita zipatazo 140, na njiani unaupitia mji wa Kilkenny, kusini-mashariki mwa Ireland. Vaa viatu vya kutembelea, shika njia ya Canal Walk chini ya ngome, ukae macho. Tunaanza na wa nane. Wa kwanza hana haraka, amezoea kusubiri.

8. Batamaji. Weupe, dume hufikia kilo 12, na wanajua fika kwamba wamependeza. Wakiwa na vifaranga usiwasogelee: baba mtu hana salamu, ana mabawa.

7. Daraja la Lady Desart. Ni la waenda kwa miguu, lilifunguliwa 2014. Limepewa jina la Ellen Cuffe, mama wa Kiyahudi aliyeteuliwa kuwa seneta mwaka 1922, dola jipya la Ireland lilipokuwa halijakauka wino. Magari hayapiti, kwa hiyo simama katikati upendavyo. Wa kukupigia honi hayupo.

6. Daraja la Green's. Mwaka 1763 Nore ulifurika ukalisomba daraja lililokuwapo. Mjenzi George Smith akaweka jingine la mawe, matao matano, na hadi leo lipo. Mto umerudi kufurika mara nyingi tangu hapo. Matokeo: daraja limeshinda, mto umetoka kapa.

5. Fisi maji. Toka alfajiri, nyamaza, tazama mapovu. Ukimwona, usipige kelele za furaha mpaka azame mwenyewe.

4. Ngome ya Kilkenny. Iko juu ya ukingo, ikiutazama mto. Ujenzi wa mawe ulianzishwa na William Marshal zaidi ya miaka 800 iliyopita, na kati ya minara yake minne, mitatu bado imesimama. Ukoo wa Butler uliinunua mwaka 1391, ukaishi humo karne hata karne. Mwaka 1967 wakaikabidhi kwa wananchi kwa pauni 50. Ndiyo, hamsini! Usikimbilie benki, mali ya umma haiuzwi tena.

3. Mbayuwayu. Wanatua Aprili wakitoka Afrika Kusini, na Septemba wanafunga safari ya kurudi. Bila pasi, bila viza, bila mzigo wa kupima. Kwetu Afrika Mashariki jamaa zao tunawaona kwenye nyaya za umeme miezi ya mvua za vuli, kwa hiyo ukiwakuta wakikata hewa juu ya Nore, wasalimie kama watu wa nyumbani.

2. Mdiria. Ana mgongo wa buluu na kifua cha rangi ya chungwa. Hupita kasi, ukisema "yule pale" keshafika kule. Huchimba kishimo kwenye ukingo wa udongo na kutaga ndani yake, ndiyo maana ukingo ukizungushiwa zege anakosa pa kutaga. Ireland imeutenga Nore kuwa eneo la hifadhi kwa ajili yake, na hiyo ni sheria nzuri kuliko nyingi nilizozisoma.

1. Kome wa lulu wa Nore. Mjini hutamwona. Yuko sehemu ya juu ya mto, upande wa mji mdogo wa Durrow, amejizika kwenye changarawe, na duniani kote aina yake imebaki katika mto huu mmoja. Huishi miaka mingi. Utotoni hudandia mashavu ya samaki wa trauti, abiria asiyelipa nauli, kisha hudondoka na kujichimbia mchangani. Hapo ndipo penye msiba. Tope linaloletwa na maji kutoka mashambani huziba nafasi kati ya mawe, hewa haifiki, wachanga wanakufa. Wazee wapo, warithi hawaonekani. Wataalamu wamejaribu kuwazalisha kwenye matangi, na nawaombea wafaulu, maana ngome, madaraja na batamaji vinapatikana nchi nyingine pia. Huyu hapatikani popote pengine. Ukifika Durrow, basi, baki ukingoni. Usiingie kwenye changarawe kwa mguu wala kwa mtumbwi, na wala usimfungue kutafuta lulu.